Kesi ya Saba na Ufunguo wa Chemba

Uliona. Usianze kusema hukuona. Jumanne ile, saa tisa mchana, wilbaro mbili zilitoka kwenye lango la maktaba moja ndogo upande wa Kaloleni, zimejaa vitabu vilivyopangwa kama matofali, na wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara unamenya chungwa. Ulitazama wilbaro, ukatazama chungwa, ukachagua chungwa. Ulijiambia ni vitabu vya zamani, vya Kizungu, vilivyoletwa na watu wa msaada ambao huko kwao pia vilikuwa vimewashinda. Ulijiambia kuna mkubwa aliyetia sahihi. Hata walipong'oa bembea za watoto uwanjani ulijiambia kuna mkubwa aliyetia sahihi. Wengine wetu tunaandika tarehe.

Mtu mmoja tu hakugeuza uso siku ile, na bahati mbaya ni kwamba huyo mmoja alikuwa tapeli.

Aliitwa Byron Amolo, ila mjini wote walimwita Prof, kwa sababu ya koti la kahawia lenye viraka vya ngozi viwikoni alilolinunua soko la Kibuye. Koti ndilo lililokuwa na elimu. Yeye alilibeba tu. Prof hakuwa mwongo, tafadhali tusimsingizie. Uongo aliuona kuwa kazi ya watu wasio na mpangilio. Yeye alisema ukweli, kisha akafunga mdomo kabla ukweli haujaisha. Aliwahi kumuuzia mtu redio akiapa, "Tangu niwe nayo haijanisumbua hata siku moja," na kweli haikuwa imemsumbua, kwa kuwa alikuwa ameipata asubuhi ile ile. Kwa miaka kumi na minne alikula, akavaa na kulipa kodi ya nyumba kwa sentensi nusu nusu, na katika miaka hiyo yote hakutokea mtu wa kumuuliza neno moja dogo: halafu?

Zile wilbaro zilikwenda moja kwa moja kwa Agneta, anayeuza njugu kando ya stendi ya bodaboda. Agneta alikuwa ameketi juu ya kreti, anachana kitabu cha sheria ya ardhi na kukiviringisha ukurasa baada ya ukurasa. Ukinunua njugu za Agneta wiki ile, ulikula haki yako ukatupa karatasi.

Prof alisimama, akainama, akaona vitabu vitatu vimewekwa kando.

"Na hizi tatu, Mama?"

"Hizo zimenishinda. Karatasi ngumu, inateleza. Njugu inamwagika chini yote. Unataka?"

"Nitakupa magazeti, bunda zima."

"Magazeti ya lini?"

"Mama, njugu haisomi tarehe."

Agneta alicheka, na biashara ikaisha hapo. Prof aliondoka na elimu ya vizazi vitatu kwapani. Kitabu cha kwanza kilikuwa kinene kama tofali, cha uhandisi wa maji: mabwawa, mabomba, koki, na hesabu za kuyafanya maji yatii. Cha pili kilikuwa cha kufuga njiwa, chenye picha ya njiwa wa kijivu aliyemtazama msomaji kama karani wa mahakama. Cha tatu kilikuwa cheusi, herufi nyeupe, kinahusu nchi zilizoporomoka kwa sababu ya uongozi mbovu. Kiliitwa *Failed States in Twelve Cases*.

Hakufungua hata kimoja. Kwa Prof, kitabu kilikuwa na kurasa mbili: jalada la mbele na jalada la nyuma. Lakini jalada hilo jeusi lilimfanya asimame katikati ya barabara mpaka bodaboda mmoja akamtukania ukoo. Alikuwa amemkumbuka mtu.

Mtu mwenyewe tutafika kwake. Kwanza Prof alipitia Nyalenda, kwa sababu kitabu cha maji kilikuwa kizito na alitaka kukitua.

Kule Nyalenda, chini kabisa mitaa inakoelekea ziwani, kuna kioski cha maji cha Selpha, mwanamke wa Pap Onditi aliyeolewa mjini, akafiwa, akabaki. Kioski ni chumba cha mabati chenye mfereji mmoja nje, na juu ya paa kuna vibanda vya njiwa, ambao kwa lugha ya kwao Selpha huitwa akuru. Jumanne ile mfereji ulikuwa umekauka kwa siku themanini na sita. Selpha alikuwa akihesabu, kwa sababu kamati ya maji ya mtaa ilikuwa na kanuni yake: kioski kikikaa siku tisini bila kutoa maji, kinapewa mtu mwingine "mwenye uwezo". Siku ya tisini ilikuwa Jumamosi. Na mwenye uwezo alikuwa mmoja tu, Mzee Absalom, mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo, mwenye matangi matatu huko juu karibu na Ring Road na mikokoteni iliyoshuka kila asubuhi kuwauzia watu wa Selpha mtungi mmoja kwa bei ya mitatu.

Absalom alikuwa amelieleza tatizo vizuri sana katika mkutano. "Ndugu zangu," alisema, "presha imekufa. Wataalamu wanaita *head loss*, kupotea kichwa." Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni, na mama mmoja akauliza kama mwili umepatikana. Wewe pia ulikuwepo. Ulitikisa.

"Mama Selpha," Prof alianza, akiweka kile kitabu kinene juu ya kaunta, "maji bado?"

"Prof, unaona mtungi ukielea hapa?"

"Nimekuletea dawa. Mwandishi wa hiki kitabu, tangu azaliwe hajawahi kukosa maji."

"Halafu?"

Prof alishtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Halafu... nini, Mama?"

"Halafu alizaliwa wapi? Kama ni kule mvua inanyesha mpaka kitandani, hata mimi ningeandika kitabu."

Alikivuta kitabu. Selpha aliachia shule kidato cha pili, lakini hakuwahi kuachia kusoma. Alisoma karatasi za sabuni, maelezo ya dawa za mifugo, barua za watu wengine zilizofungia samaki. Alikifungua katikati, akakutana na mchoro: tangi juu ya kilima, bomba linashuka, na mshale. Kidole chake kilifuata mistari, midomo ikicheza bila sauti. Alisoma ukurasa huo mara moja. Akausoma tena. Kisha akainua uso taratibu, akatazama juu, kule Ring Road, ambako tangi mojawapo la Absalom lilikuwa limejaa hadi linafurika na kumeremeta juani.

"Kimesema nini?" Prof aliuliza, kwa sababu kimya cha mteja kilikuwa kikimtia wasiwasi.

"Kinasema kadiri bomba linavyoshuka, ndivyo presha inavyoongezeka."

"Naam! Si nilikwambia?"

"Hukuniambia chochote. Unataka nini?"

Prof alitazama paa. Mpango ulikuwa umeshaanza kumea kichwani. "Akuru sita."

"Sita? Kwa karatasi?"

"Kwa presha, Mama."

Selpha alikitazama kitabu cha pili, kile chenye picha ya njiwa, kilichochungulia kwapani mwa koti. "Na hicho ni cha njiwa?"

"Cha njiwa. Kitaalamu kabisa."

"Umekisoma?"

"Nimekipitisha Kondele yote," Prof alisema, na kweli alikuwa amekipitisha, kwapani.

"Basi unawajua njiwa na tabia zao."

"Kama ndugu zangu."

Selpha alifungua mdomo. Akaufunga. Mtazame vizuri hapo, kwa maana mwanamke huyu alikuwa amejifunza ufundi wa miaka kumi na minne kwa kuusikiliza dakika tano. Alipanda ngazi, akakamata njiwa sita wakubwa, mmoja wao mwenye bawa jeupe, akawatia kwenye kizimba cha waya. "Wachukue," alisema. "Hao hawapotei kamwe."

Jumatano asubuhi Prof alipanda kwa Absalom.

Mzee Absalom alikuwa na kila kitu kinachonunuliwa, lakini alikuwa na jeraha moja. Binti yake Sheryl aliolewa States, akazaa huko mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza. Babu alikwenda ubalozini Nairobi kuomba visa mara mbili, na mara mbili akarudi na karatasi ndogo ya samahani. Sweta la mtoto alilofumiwa kule sokoni bado lilikuwa kwenye kiti cha sebuleni, ndani ya mfuko wake wa plastiki, na mtoto alikuwa ameanza kutembea. Jumatatu iliyofuata alikuwa aende mara ya tatu. Hili sikuandikii ili umhurumie. Naandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu anayewafungia wengine maji naye huwa na kiu yake.

Prof aliketi verandani, akatoa kitabu cheusi, akakilaza juu ya goti, jalada juu. Alipuliza chai.

Absalom alivuta miwani. "*Failed... States*," alisoma. Alisogea. "*In twelve cases*. Omera! Wameandika kitabu?"

"Na kuchapisha, Jaduong'," Prof alijibu, akimwita mzee kwa lugha ya kwao.

"Mimi nimefeli States mara mbili!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya wengine."

"Kesi kumi na mbili. Na zote zilifeli?"

"Zote. Hakuna hata moja iliyopita."

"Na sababu ziko ndani?"

"Kesi kwa kesi."

Absalom alishusha sauti. "Kuna za watu wa huku kwetu?"

"Jaduong', nyingi ni za Afrika."

"Yawa! Mimi nilijua!" Alipiga mkono wa kiti. "Nilijua kuna ubaguzi! Na huyu aliyeandika, ni mtu wa ubalozi?"

Prof alikigeuza kitabu, akasoma nyuma kwa makini. "Amekaa na mabalozi miaka ishirini na mbili."

Hakuna neno moja la uongo katika mazungumzo hayo, yarudie uone. Absalom alikikumbatia kitabu kama mjukuu. Kisha akaungama lile lililomchoma zaidi: kule dirishani alikuwa ameulizwa, ni kitu gani kitakurudisha nyumbani, akajibu ni mke wake, na yule kijana wa dirishani akaandika kitu kirefu.

"Mke anaweza kukufuata," Prof alisema kwa upole wa daktari. "Unahitaji kitu kisichopanda ndege."

"Kama shamba?"

"Shamba halina macho." Akavuta kizimba kutoka nyuma ya kiti, akafunua gunia. Njiwa sita walimtazama mwenyekiti. "Mfugaji wa njiwa hapotei, Jaduong'. Dunia nzima inajua hii ndege ni ya nyumbani. Piga picha nao, vaa suti, onyesha dirishani. Na kitabu cha kuwafuga hiki hapa, usije ukaulizwa swali gumu."

Hivyo ndivyo Mzee Absalom alivyonunua vitabu viwili na njiwa sita, na hivyo ndivyo Prof alivyoshuka kilima akisukuma mkokoteni mzuri wa magurudumu mapya wenye mitungi ishirini ya manjano, akipiga mluzi. Angeishia hapo, angekuwa tajiri wa kadiri. Lakini mtu akishaonja utamu wa mteja anayeamini, kuondoka inakuwa kama kuacha nyama mezani.

Alhamisi Absalom alimpigia simu. "Prof, hiki kitabu kina Kiingereza cha juu sana. Neno moja linachukua mstari mzima. Nimeanza na kesi ya saba kwa sababu saba ni namba yangu ya bahati. Sielewi alifeli kwa nini. Njoo kesho unifafanulie."

Prof alikwenda kukichukua kitabu, akakifungua kwa mara ya kwanza, akakifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Alijua mtu mmoja tu anayeweza kumsaidia bila kumcheka mbele ya watu.

"Mama Selpha, nisomee kesi ya saba. Kwa kifupi tu."

Selpha aliketi kwenye kivuli cha kioski, akasoma kurasa zote thelathini. Ilikuwa habari ya nchi moja yenye bwawa, na mtunza malango ya bwawa, na wakubwa waliouza kilichokuwa cha wote. Kulikuwa na deni, wanajeshi, mahakama isiyofunguliwa, na watu waliozoea kutazama pembeni. Alifika mwisho, akacheka kidogo, si cheko la furaha. Kisha akamtazama Prof na kumpima.

Alikuwa na ukweli mmoja kutoka kitabu cha maji: maji yaliyoweza kupanda hadi kwa Absalom hayawezi kushindwa kushuka hadi kwake, ila kama kuna koki iliyofungwa. Koki ilikuwa ndani ya chemba hatua kumi kutoka kioski, chini ya kifuniko cha chuma chenye kufuli. Kamati ilisema kufuli ni la zamani, ufunguo ulipotea, na hata hivyo hakuna cha kufungua, presha imekufa. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na mchoro, kidole, na siku mbili.

"Kwa kifupi," alisema, "kesi ya saba ilifeli kwa sababu mkubwa mmoja alishika ufunguo wa maji, akawaambia watu maji yameisha."

Akanyamaza hapo hapo.

Prof hakuuliza halafu. Aliyeishi kwa kukata sentensi hakuitambua sentensi iliyokatwa alipopewa. Alisema asante, akarudi juu akikariri.

Ijumaa saa nne, verandani, alikohoa, akalirekebisha koti. "Jaduong', kesi ya saba. Huyu alikuwa na kila kitu. Alifeli kwa sababu moja tu. Alishika ufunguo wa maji, akawaambia watu maji yameisha."

Absalom alikiweka kikombe chini.

"Wamejuaje?"

Ndipo Prof alipojua. Mpaka sekunde ile, naapa kwa tarehe zangu zote, hakuwa na habari kwamba kuna ufunguo. Aliuona ukitokea usoni mwa mwenyekiti kama samaki anayeinuka juu ya maji. Akabadilisha sura haraka kuwa ya mtu aliyejua tangu zamani.

"States wana mitambo angani, Jaduong'. Inaona mpaka namba ya gari."

"Na chemba?"

"Chemba ni kubwa kuliko namba ya gari."

Absalom aliinuka, akaketi. Aliutazama mfuko wa sweta. "Nifanyeje? Jumatatu hii, Prof! Jumatatu!"

"Siku ya Jumatatu ukiulizwa, lazima ujibu kwa moyo safi kwamba hushiki ufunguo wowote. Kwa hivyo, usiushike. Mpe mtu akushikie."

"Mtu gani?"

Prof alitazama kucha zake. "Sitaki kujipendekeza."

Ufunguo ulitoka ndani ya Biblia, katikati ya kitabu cha Kutoka, umefungwa utepe wa buluu. "Mpaka nitoke Nairobi," Absalom alisema, akimkabidhi kama anayekabidhi jino. "Jumanne unanirudishia. Na usiseme na mtu. Kesho kamati inakwenda kukitwaa kile kioski, baada ya hapo nitafungua mwenyewe, kihalali."

"Kihalali," Prof alirudia, akaondoka na mji mzima mfukoni.

Kwa nini uuze kitabu cha maji ikiwa unaweza kuuza maji? Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa kwa Selpha, mkokoteni mbele, mitungi ishirini imepangwa, ufunguo unaning'inia kidoleni.

"Mama Selpha! Presha imefufuka."

Selpha aliutazama ule utepe wa buluu. "Uliupata wapi?"

"Kitaalamu. Sikiliza. Nafungua kwa saa moja kila siku. Unauza, tunagawana nusu kwa nusu. Kamati ikija itakuta maji, kioski kinabaki chako. Ukikataa, nafunga, na leo ni siku ya tisini."

"Sawa," Selpha alisema.

Alisema haraka mno, na mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Prof alikuwa anahesabu mitungi.

"Lakini iko jambo," Selpha aliendelea, akifungua kile kitabu kinene. "Maji yakiachiliwa ghafla hupiga bomba kama nyundo. Yanapasua. Yameandikwa hapa, na picha. Lazima ufungue pole pole, nusu duara, unapumzika, nusu duara."

"Wewe fungua basi, wewe ndiye msomi."

"Na nani atasikiliza mfereji? Wewe unaijua sauti yake?"

Prof alilivua koti, akalitundika kwenye mkokoteni, akateremka ndani ya chemba. Tope lilimfika magotini. Mkono wa chuma wa kuzungushia koki ulikuwa humo humo, umepakwa grisi mpya, grisi ya mtu anayepita mara kwa mara. Hilo Selpha aliliona na kulihifadhi. Prof alizungusha. Nusu duara. Pumzika. Nusu duara. Watu wakaanza kukusanyika, kwanza watatu, halafu kumi, kila mmoja na mtungi wake, kwa sababu Nyalenda unaweza kuficha chochote isipokuwa sauti ya maji.

Mfereji ulikohoa. Ukatema kutu. Ukatema hewa, ukatema mjusi aliyekufa. Kisha maji yakaja, mekundu, ya kahawia, na mwisho meupe, yakaingia kwenye mtungi wa kwanza na kutoa ule mlio wa kupanda unaomfanya mwanamke mzima asimame wima.

"Umefika mwisho?" Selpha aliita.

"Imegota!"

"Nipe huo mkono wa chuma niusafishe, usiteleze wakati wa kufunga."

Prof akampa. Selpha aliufuta kwa kanga yake, polepole, akauweka ndani ya kioski, akafunga mlango na kuketi juu ya kreti mbele yake. Bila mkono ule hakuna binadamu angeweza kuifunga koki, hata awe na funguo mia moja.

"Mama," Prof alisema kutoka shimoni baada ya kufikiri kidogo, "nirudishie."

"Halafu?" Selpha aliuliza.

Wakati huo huo, juu kule, Mzee Absalom alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai, jirani ameshika simu tayari kwa picha. "Wafungulie wanizunguke," alisema, "ionekane tunapendana." Jirani akafungua kizimba. Njiwa sita walipanda, wakazunguka juu ya veranda mara moja, vizuri sana kwa picha, kisha wakashuka kuelekea ziwani kwa mstari ulionyooka kama kamba ya fundi. Ukurasa wa kwanza wa kile kitabu, sentensi ya kwanza, ilisema kwamba njiwa mzima akiachiliwa hurudi pale alipolelewa. Wanaume wawili walikuwa wamelibeba jibu hilo kwapani siku tano.

Absalom aliwafuata kwa miguu, na tai. Kwa bahati, njiwa na mkutano wa kamati vilikuwa vinaelekea mahali pamoja.

Saa nne kamili kamati ilisimama mbele ya kioski na daftari lake. Magdalene, katibu, alikuwa ameshaandika kule nyumbani: *Kioski kimekauka, kinatwaliwa.* Sasa alitazama foleni ya watu arobaini, akatazama daftari, akatafuta kifutio.

"Njiwa zangu!" Sauti ilitoka nyuma ya watu. Mwenyekiti alifika akihema, akiwaonyesha kidole njiwa waliojipanga juu ya paa la kioski. "Zile ni zangu! Ile ya bawa jeupe!"

"Ziite," Selpha alisema.

"Nini?"

"Kama ni zako, Mwenyekiti, ziite."

Foleni nzima ilimgeukia. Absalom alifungua mdomo, na kwa heshima ya suti ile nitasema tu kwamba alijaribu. Sauti aliyotoa haikuwa ya njiwa. Njiwa mwenye bawa jeupe aliinamisha kichwa, akamchunguza, akageuka na kumpa mkia.

Katikati ya kicheko hicho Absalom alisikia mlio wa maji. Akaona mfereji. Akaona kifuniko cha chemba kimefunguliwa. Ndani yake, kama mtu aliyepandwa, alisimama Prof, tope mpaka magotini, utepe wa buluu kidoleni. Na hasira ikamtangulia akili.

"Wewe! Nipe ufunguo wangu!"

Kicheko kilikatika. Maji peke yake yaliendelea kusema.

Agneta alikuwa kwenye foleni. Hakuna mtu aliye mbali na maji. Aliutua mtungi wake. "Ufunguo wa nini, Mwenyekiti?"

"Wa... ni wa nyumba."

"Halafu?" alisema Selpha.

"Halafu?" alisema Agneta.

Na foleni ikalichukua neno hilo, wanawake, wazee, watu wa bodaboda, si kwa kelele, kila mmoja kwa zamu yake kama anayelipia mtungi. Halafu? Umefikaje kwenye chemba, ufunguo wa nyumba? Halafu? Siku tisini presha ilikuwa imekufa au ilikuwa imefungiwa? Magdalene, ambaye hakuwa amewahi kuandika kitu asichoambiwa na mwenyekiti, alifungua ukurasa mpya.

Katika shughuli hiyo Prof alipanda kutoka shimoni. Aliutazama mkokoteni wake; mitungi yote ishirini ilikuwa imeshajaa na kupelekwa, na mama mmoja mwenye mikono mikubwa alikuwa amekalia mkokoteni wenyewe. Aliutazama mlango wa kioski. Aliwatazama njiwa. Alichukua koti lake, akaondoka Nyalenda na suruali ya tope na ufunguo usiofungua kitu. Wanasema siku hizi anauza vitu pale Kondele, na ukimwuliza bei anatetemeka kidogo, akisubiri kama utaongeza neno.

Absalom alikwenda Nairobi Jumatatu. Alipoulizwa ni nini kitamrudisha nyumbani alisema njiwa, na alipoulizwa njiwa wako wapi alisema, kwa moyo safi, wamerudi kwao. Akawa kesi ya kumi na tatu. Sweta alilituma kwa posta. Ni dogo sasa, lakini Sheryl anasema wanamvalisha dubu wa kuchezea wa mtoto.

Hapo ungependa niishie, umeze mate, useme hadithi tamu. Nitakukatia sentensi? La. Sikiliza iliyobaki. Kamati iliandika kwamba "suala la ufunguo litajadiliwa", na Mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Uchaguzi ni Jumapili hii, saa nane, uwanja wa Kaloleni, na mara ya mwisho mlijitokeza watu kumi na mmoja, ninayo majina. Na Jumanne, saa tisa, wilbaro zinatoka tena kwenye lango lile. Rafu ya afya ya watoto ndiyo inayofuata, na Agneta amesema karatasi yake ni nzuri, haitelezi.

Basi tupa chungwa. Jumapili uwe uwanjani, Jumanne uwe langoni, mbele ya gurudumu, na mkubwa akikwambia ametia sahihi, mwulize lile neno. Lakini leo, sasa hivi, kabla hujala, toka nje, itafute chemba ya mtaa wako, liguse kufuli. Kama grisi ni mpya, piga kelele.